Mizani ya kioo ya Kariakoo: tamu kwa anayepungua, ila anayetaka kubaki alipo ajipange

Hii mizani nimekaa nayo muda wa kutosha kuisema kwa mazuri na mabaya yake. Ni ile ya kioo cheusi, ya mraba, yenye vibati vinne vya chuma juu, inayoungana na simu kwa bluetooth. Kariakoo zimejaa, na kila kontena likishuka zinakuja na jina jipya, kwa hiyo jina la yangu halitakusaidia. Ukiiona utaijua. Mwenye duka alianzia 65,000, tukavutana, akaniachia kwa 45,000. Pembeni yake ilikuwepo ya kawaida, kioo kilekile, haina mambo ya simu, anaiuza 25,000. Hizo bei mbili ziwekeni kichwani.

Mnijue kwanza aliyepanda juu ya hiyo mizani. Mimi ni fundi cherehani, Mwananyamala, nashona zaidi magauni ya sendofu na kicheni pati. Nilikuwa na kilo 94, presha ikaanza kunitembelea, daktari akaniambia maneno ambayo sikuyapenda. Nikashuka polepole mpaka 72. Nilivyoshuka sitasimulia, hadithi hizo mitandaoni zimejaa na nyingi zinaishia kwenye picha mbili, ya kabla na ya baada. Nataka kusema habari za baada ya ile picha ya pili. Siku mtaalamu wa lishe alipoangalia kadi yangu akasema, "Hapa panatosha, sasa tunakaa hapahapa," nilitoka kliniki na hofu kuliko niliyoingia nayo siku ya kwanza.

Wanaopungua mtanielewa mkifika. Unapopungua, kila wiki mizani ina jambo la kukuambia. Wanakusifia, nguo zinapwaya, una kazi mkononi. Ukianza kutunza uzito, asubuhi nzuri ni ile isiyo na jipya lolote. Hakuna anayempongeza mtu kwa kubaki na kilo 72. Na kwa kazi yangu mimi naona mengi: dada anakuja nimbanie gauni la sendofu kiuno kiwe kama cha nyigu, baada ya miezi analirudisha, "Fundi, niachie kidogo." Ndiyo maana huwa naacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono hata kama mteja hajaomba. Nimeachia nguo za watu wengi mno nisiogope. Ndani ya sanduku langu magauni matatu ya kilo 94 bado yamekunjwa, na kila nikitaka kuyagawa mkono unakuwa mzito.

Haya, kwenye mizani yenyewe.

Kwa kupima uzito tu, inafanya kazi, na vizuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo. Niliijaribu kwa mfuko wa sembe wa kilo 5: napima mwenyewe, nashuka, nabeba mfuko, napanda tena. Tofauti ilikuja kilo 5 na gramu mia hivi, nikaridhika, maana na karatasi ya mfuko ina uzito wake. Mizani za buchani na za sokoni zinakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Ya chumbani kwako hakuna atakayekuja kuikagua, kwa hiyo ijaribu mwenyewe.

Ila ina ujanja mmoja ambao muuzaji hatakwambia, na sidhani kama hata yeye anaujua. Ukishapima, ukashuka, ukapanda tena palepale, inakurudishia namba ileile hadi gramu ya mwisho. Unasema, lo, mizani makini hii! Mimi fundi, siamini kitu kinachotoa kipimo kimoja mara tano bila kucheza hata kidogo. Hata futi kamba, ukimpima mtu kifua mara mbili, utapata tofauti kidogo. Nikapanda nikiwa nimeshika kikombe cha maji: namba ileile. Nikashika sufuria ndogo: namba ileile. Nilipobeba sembe ndipo ikaamka. Maana yake inakumbuka kipimo cha mwisho, na ikiona tofauti ni ndogo inakuonyesha cha zamani ili ionekane haibabaiki. Kwa matumizi ya kawaida si neno. Ila usipande mara tatu asubuhi ukidhani unahakikisha, unaongea na kumbukumbu yake tu.

Iweke kwenye sakafu ngumu, vigae au simenti. Juu ya zulia au mkeka inasema uongo, kwa sababu vipimio viko kwenye miguu yake minne na vinahitaji kukanyaga chini sawasawa. Ukiihamisha, ikanyage mara moja, iache izime irudi sifuri, ndipo upime. Betri zikianza kufa nazo zinaleta vituko kabla hazijazima kabisa.

Sasa hivi vibati vinne ndivyo vinavyopandisha bei. Vinapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, usiousikia, halafu mizani inakadiria mafuta, maji, misuli, mifupa, na kitu wanakiita umri wa mwili. Kumbukeni nimesema inakadiria. Umeme unapita vizuri kwenye maji na vibaya kwenye mafuta, basi mizani inapiga hesabu kutokana na hapo, ikichanganya na urefu, umri na jinsia ulivyojaza kwenye simu. Nyayo zikiwa kavu, namba nyingine. Ukitoka kuoga, nyingine. Ukinywa maji ya kutosha, nyingine. Kuna siku nilikuwa na asilimia 34 ya mafuta asubuhi na 31 jioni, na katikati nilichofanya ni kushona. Umri wa mwili ilinipa miaka 51. Nina 43. Nikabadilisha urefu kwenye simu kwa sentimita 3 tu, nikawa kijana. Kuna jambo la maana kuliko hayo yote: mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani asipande kabisa mizani za namna hii, na mjamzito atumie ya kawaida.

Programu ya simu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ukiifungua inakuuliza lengo lako. Nikaweka 72. Ikanipigia fataki kwenye skrini, "Hongera, umefikia lengo!" halafu hapohapo, kabla fataki hazijazimika, ikaniomba niweke lengo jipya. Nikaweka tena 72. Ikakataa, inataka namba iliyo chini ya hapo. Yaani aliyeitengeneza hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atafika halafu atake kukaa. Nilipoongezeka gramu 200, mshale mwekundu. Gramu 100, mshale mwekundu. Kiswahili chake nacho kimetafsiriwa hovyo: asubuhi moja iliniambia "Usikate tamaa mafuta yako." Inataka na ruhusa ya kujua nilipo ndipo iungane na mizani iliyo chini ya miguu yangu. Nikazima arifa zote.

Mshale mwekundu si jambo dogo kwa mtu anayeogopa. Nitawapa mfano. Tulikuwa na harusi Tandika, upande wa mume wangu. Pilau, kuku, kachumbari, soda mbili, na usiku wa manane supu. Asubuhi ya pili yake mizani ikasema 73.9. Kilo 1.8 juu! Nilikaa kwenye stuli ya cherehani nikaona gauni zote za sandukuni zinanicheka. Wazo la kwanza lililonijia ni kufunga siku mbili.

Bahati nzuri mtaalamu wa lishe alishanifundisha hesabu, nikaipiga. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700. Ili niongezeke kilo 1.8 za mafuta kwa usiku mmoja, ningekula karibu kalori 14,000 juu ya mahitaji yangu ya siku. Tukikadiria chapati moja ya mafuta kuwa kalori 300, hizo ni chapati 46, juu ya ile pilau. Hata kwa shemeji zangu haiwezekani. Iliyokuwa kwenye mizani ni chumvi ya pilau na supu, inayoshika maji. Ilikuwa pia wanga: mwili unapohifadhi wanga kwenye misuli na ini, kila gramu inakaa na maji kama gramu 3 hivi. Na kilikuwa chakula chenyewe ambacho bado kiko safarini. Nikakaa kwenye milo yangu ya kawaida, sikufunga. Siku ya nne nikasoma 72.3. Kwa wanawake, siku za mwezi nazo zinafanya mchezo huohuo.

Wakati namba inapanda, nilichukua futi kamba nikajipima kiuno. Sentimita 84, kama wiki iliyotangulia. Hapo ndipo roho ilitulia. Futi kamba ya fundi ni shilingi elfu moja, haina betri, haina mshale mwekundu, na haijawahi kuniomba ruhusa ya kujua nilipo. Shirika la Afya Duniani linasema kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88 hatari ya magonjwa kama kisukari na ya moyo inapanda sana, na hata juu ya 80 imeshaanza kuongezeka. Kwa hiyo nina kazi bado, lakini kiuno ndicho ninachokiamini kuliko ile asilimia ya mafuta. Kipime ukiwa umesimama, umetoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Wateja wangu wote wanavuta tumbo, halafu wananilaumu gauni linabana.

Sasa mtasema, kama ni hivyo si uitupe? Hapana, na hapa ndipo wengi tunapokosea njia. Hofu ya kurudi nilikotoka haikutoka hewani. Mwili uliopungua unajitetea. Kwanza ni mdogo, unahitaji chakula kidogo kuliko ulivyokuwa na kilo 94, hata ukifanya kazi zilezile. Halafu homoni ya leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, inashuka, na njaa inapanda. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya watu 14 waliowahi kushindana kupungua kwenye televisheni. Miaka 6 baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa bado inaunguza karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotegemewa. Hao walishuka kwa kasi ya mashindano, mimi nilishuka taratibu, ila ujumbe niliupata: uzito ukirudi, si kwa sababu mtu hana aibu.

Lakini wapo wanaobaki. Marekani kuna daftari la watu waliopungua na kutunza, lilianzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Sharti la kuingia ni uwe umepungua angalau pauni 30, kama kilo 13 na nusu, na umekaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Robo tatu yao wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Wengi wanatembea au kufanya mazoezi karibu saa nzima kwa siku. Huyohuyo Wing na wenzake walitoa utafiti mwingine mwaka 2006, wakawafundisha watu waliokwisha kupungua kusoma mizani kwa rangi. Ukiwa ndani ya pauni 3 za uzito wako, karibu kilo 1.4, uko kijani: endelea na maisha. Ukizidi kidogo, njano: angalia unachokula. Ukifika pauni 5, kilo 2.3, nyekundu: rudi kwenye yale uliyofanya wakati unapungua. Waliofundishwa ana kwa ana walirudisha kilo kidogo kuliko waliokuwa wanatumiwa barua tu.

Mtaalamu wangu alinichorea hizo rangi kwenye kadi, na mara moja nikaielewa kifundi: ni kile kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Gauni halichaniki mtu akila pilau ya harusi, kwa sababu fundi aliacha nafasi. Nikaachana na namba 72. Sasa nina 71 mpaka 73.4, na humo ndani sijali kitu. Ile asubuhi ya Tandika nilikuwa nimegusa njano tu, siku chache nikatoka.

Kwa hiyo mizani natumia hivi: asubuhi, nimeshatoka chooni, sijala, nguo ya kulalia ileile. Namba naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, kwa sababu daftari halina fataki. Jumapili natafuta wastani wa wiki. Wastani ndio ninaousoma, zile za kila siku naziacha zicheze. Haki yake niiseme: hiyo programu inao mchoro wa wastani wa wiki, tena mzuri. Wameuficha kwenye vidoti vitatu juu kulia, halafu chini ya "takwimu". Huo mchoro ungekuwa ndio ukurasa wa kwanza, leo ningewaandikia sifa.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Kutoka kupungua kwenda kutunza, unaongeza, na kuongeza kunatisha kuliko kupunguza. Mimi nilirudisha kitu kimoja kwa mara moja: ugali kutoka ngumi moja mpaka moja na nusu, nikasubiri wiki mbili, nikaangalia wastani. Haukusogea. Nikarudisha chapati moja Jumamosi. Haukusogea. Niliporudisha maandazi ya asubuhi, wastani ukaanza kupanda polepole, nikayaacha, nikabaki na chapati. Mchicha, dagaa, maharage na matunda havikuondoka kabisa. Soda haijarudi, isipokuwa harusini. Na kutembea kutoka dukani mpaka kituo cha Morocco badala ya kupanda bajaji bado naendelea nako, maana ukikaa kwenye cherehani kutwa, bila hivyo miguu inasahau kazi.

Kitu ambacho hakuna mizani wala programu inayokijua ni maneno ya watu. Kwetu mtu akipungua anaumwa. "Vipi dada, mbona umeisha hivyo?" Kuna mteja alinishika mkono akaninong'oneza kama nimeshapima, na nilijua hasemi presha. Wifi yangu kila nikienda kwake ananijazia sahani, nikiacha ananuna. Wakati napungua niliwajibu kwamba daktari ameniambia. Sasa nimefika, na wao wanasubiri nirudi nilivyokuwa, kwamba huo ndio uzima. Nilipogusa njano ile wiki ya harusi, watu wawili waliniambia nimenawiri. Fikiria: simu inanionyesha mshale mwekundu, mtaa unanipongeza. Nimewazoesha jibu moja, "Nipo sawa, presha imeshuka," na naendelea kuingiza uzi kwenye sindano.

Nani ainunue? Anayetaka kujua uzito tu achukue ile ya 25,000, uzito wanapima sawa. Ile 20,000 ya juu unailipia makadirio ya mafuta usiyoweza kuyategemea na programu isiyojua kwamba watu hufika. Anayependa michoro na ana roho ngumu achukue ya bluetooth, azime arifa, aende moja kwa moja kwenye vidoti vitatu. Mimi kama ningenunua leo, ningechukua ya bei ndogo na futi kamba. Nyota tatu kwa mizani, moja kwa programu.

Kuna ambao wasinunue yoyote kwa sasa. Kama namba ya asubuhi inakufanya ugome kula siku nzima, au ujitapishe, au usitoke nyumbani, hiyo si kazi ya mizani. Nenda hospitali umwambie daktari hivyohivyo, bila kupunguza maneno. Shoga yangu mmoja alimpa mdogo wake mizani aifiche, akawa anapimwa kliniki tu mara moja kwa mwezi, na kilo zake zimekaa.

Ukienda kununua, nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, na mwambie muuzaji atie betri palepale upande. Ukishasoma namba, shuka, beba mkoba wako mzito upande tena. Isipobadilika, beba kitu kizito zaidi. Kagua kioo pembeni, zinavunjika kwenye usafiri na ufa mdogo ukikanyagwa kila siku unakuwa mkubwa. Dukani nilikonunua walinipa wiki moja ya kurudisha, kwa risiti. Akikataa kutia betri, vuka barabara, ng'ambo wanauza hizohizo.